Fitingi zinazovuja chini ya maji kwenye boti za tanga: tatizo kubwa ni aina ya shaba, siyo gundi

Joshini (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Uzi huu ni wa wenye boti za tanga na wanaozitunza, hasa hizi za faiba zinazolala kwenye maboya pale Ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, na ndugu zetu wa Kunduchi na Kigamboni pia. Nataka tuzungumzie zile fitingi zinazopita kwenye bodi, yaani mwili wa boti, chini ya mstari wa maji: ya kuvuta maji ya kupozea injini, za choo, ya sinki, na zile za kutolea maji pale shetri anapokaa nahodha. Boti ya wastani inaweza kuwa nazo sita au zaidi. Kila moja ni tundu lililotobolewa makusudi kwenye chombo, na mara nyingi hakuna anayelitazama mpaka ngama (pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika) ijae.

Nianze na msimamo wangu ili tusipotezeane muda. Fitingi ikivuja, wengi wanakimbilia gundi. Mtu ananunua tyubu ya silikoni hadiwea, anapaka kwa ndani kuzunguka nati, tone linakata, maisha yanaendelea. Nasema wazi kwamba silikoni ya ndani ni ya hatari kuliko tone lenyewe. Maji yanasukuma kutoka nje, kwa hiyo gundi iliyopakwa kwa ndani inabanduliwa, haikandamizwi. Silikoni ikishaingia kwenye faiba inaacha utando ambao gundi nyingine yoyote haishiki juu yake, na siku ukitaka kufanya kazi ya kweli itabidi usage mpaka uufikie mwili safi. Kubwa zaidi, lile tone lilikuwa linakuonyesha kwamba kuna kitu kinakufa pale ndani, na sasa hulioni tena.

Tupige hesabu kidogo. Tundu la inchi moja na nusu, yaani milimita 38, likiwa sentimita 60 chini ya maji linaingiza takriban lita 140 kwa dakika, na hapo nimeshapunguza kwa sababu ya maji kujibana yanapopita kwenye tundu. Hizo ni ndoo 7 za lita 20 kila dakika. Pampu ya ngama iliyoandikwa galoni 2,000 kwa saa, hata ingefanya kazi sawasawa na maandishi yake, inatoa lita 126 tu kwa dakika. Na haiwezi kufikisha hizo, maana inapandisha maji juu, mpira wa kutolea maji una kona, na betri inashuka kadiri inavyofanya kazi. Fitingi ikikatika usiku boti ikiwa kwenye boya na hamna mtu ndani, asubuhi utakuta mlingoti tu umechomoza.

Kabla ya kufungua chochote, jua maji yanatoka wapi. Hili watu wanaliruka sana. Maji ya ngama yanatambaa: yanaweza kutoka kwenye glandi ya shafti (pale shafti ya injini inapotokea nje), yakafuata ubavu, yakaja kutulia chini ya koki ya choo, yaani vali ya kufunga fitingi, halafu koki ndiyo inalaumiwa. Onja kwanza. Kama ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tafuta tangi lako au dirisha linalopitisha mvua, fitingi haihusiki. Kama ni chumvi, kausha eneo lote kwa kitambaa, funga karatasi laini ya chooni kuzunguka kila kiungio au paka unga wa chaki, kaa pale na tochi usubiri. Karatasi itakuonyesha mahali penyewe.

Halafu funga koki. Tone likikata, basi tatizo liko upande wa ndani wa koki: mpira umechoka, klipu imeliwa na kutu, au mkia wa kuvalishia mpira umepasuka. Hiyo unaweza kuitengeneza boti likiwa majini. Tone likiendelea koki ikiwa imefungwa, maji yanapita kati ya flanji (ule ukingo mpana wa fitingi unaokaa nje) na bodi, au kwenye thredi za kuunganisha koki na fitingi, au kwenye shingo ya kishikio, au kwenye mwili wa shaba wenyewe. Ya shingo wakati mwingine ni kukaza tu kinati kidogo pale chini ya kishikio, kama koki yako inacho. Nyingine zote, boti linatoka majini.

Sasa nije kwenye shaba, maana hapa ndipo uzi ulipo.

Vitu tunavyoviita "shaba ya njano" haviko sawa. Brasi ya kawaida, ile ya mabomba ya nyumbani, ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na zinki inaweza kukaribia asilimia 40. Nyumbani haina shida, inakaa miaka mingi. Kwenye maji ya chumvi, zinki inayeyuka na kutoka taratibu, inabaki shaba yenye vitundu vidogo visivyoonekana. Umbo halibadiliki. Unene haubadiliki. Thredi zinaonekana zipo. Nguvu ndiyo imeondoka. Na maji yetu yana joto mwaka mzima, jambo linaloharakisha uliaji huu ukilinganisha na bahari za baridi ambako boti nyingi kati ya hizi zilitengenezewa.

Nimeshika mkononi mkia wa mpira uliokatika wakati mwenye boti anavuta mpira autoe. Hakupiga nyundo, hakutumia spana. Kwa nje ulikuwa na ukijani wa kawaida wa shaba ya baharini, huwezi kuutilia shaka. Pale ulipokatikia palikuwa na rangi ya waridi iliyofifia kama tofali, na ukikwaruza kwa ncha ya kisu unatoka unga. Njano ya asili ilibaki kamstari katikati ya unene, hakafiki hata milimita moja. Kitu hicho kilikuwa kinashikilia mpira wa injini, na boti lilikuwa limetoka Mbudya siku hiyohiyo.

Kinachofaa ni bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na madini ya bati, siyo zinki kwa wingi. Ile inayotumika sana kwenye fitingi za boti ina shaba 85, bati 5, risasi 5 na zinki 5 katika kila 100. Ipo pia brasi maalumu iliyotiwa kiasi kidogo sana cha aseniki ili zinki isitoke. Hiyo hugongwa muhuri wa DZR au CR, na namba yake ya mchanganyiko ni CW602N. Ukiona CW617N, hiyo ni ya nyumbani, irudishe. Ukiona hakuna alama yoyote, chukulia ni ya nyumbani.

Kuna wanaokwenda Kariakoo na sumaku mfukoni wakidhani watatenganisha brasi na bronzi. Sumaku haishiki brasi na haishiki bronzi. Itakusaidia kujua tu kama umeuziwa chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Kipimo cha ukweli kwa fitingi iliyokwishatumika ni kukwaruza mpaka uone rangi ya ndani: ikiwa waridi iliyofifia na inatoa unga, imekwisha. Na kugonga kidogo kwa nyundo ndogo: nzima inalia, iliyoliwa inatoa sauti ya kufa. Ila ukigonga boti likiwa majini, uwe na plagi ya mbao mkononi, maana inaweza kuvunjika palepale.

Stenlesi nayo watu wanaipenda kwa kung'aa. Juu ya maji ni nzuri. Chini ya maji sikushauri, hata ile ya 316. Stenlesi inajilinda kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni, na ndani ya fitingi ambako maji yametuama oksijeni inaisha, basi inaanza kutobolewa vishimo kutoka ndani huku nje inang'aa.

Kazi yenyewe, kwa ufupi maana wengi wenu mnaijua. Fitingi ya zamani usihangaike kuifungua kwa nguvu. Chukua grenda, saga flanji ya nje mpaka iishe, sukuma iliyobaki iingie ndani. Safisha tundu, kagua ukingo wake. Kama bodi yako ina mbao laini katikati ya faiba mbili, angalia kama mbao imelowa. Ikiwa imelowa, ichokonoe nyuma kuzunguka tundu angalau sentimita moja na nusu, kausha kabisa, jaza epoksi nzito, halafu toboa upya. Usipofanya hivyo utafunga fitingi nzuri kwenye bodi inayooza.

Kwa ndani weka kibao cha kuegemea, cha plaiwudi ya baharini iliyonyweshwa epoksi au cha faiba ngumu, unene usiopungua unene wa bodi, kilichosagwa kikalie mzingo wa bodi bila kuacha nafasi. Jaribu kila kitu kikavu kwanza, bila gundi: shina la fitingi likiwa refu mno litagota ndani ya koki kabla flanji haijakaa, na utadhani umekaza kumbe hujakaza. Kata lililozidi. Futa kwa asetoni. Gundi iwe ya poliyurethani ya baharini au polisalfaidi, nyingi kiasi cha kufurika pande zote ukikaza. Ukishakaza usirudi kesho yake kuongeza robo mzunguko, utakuwa unakata gundi iliyokwishashika. Poliyurethani ile ngumu kabisa inashika kama haitatoka milele, kwa hiyo kama unajua utaifungua tena baada ya miaka, chukua ile ya nguvu ya wastani.

Mpira uwe wa baharini wenye uzi au waya ndani, na klipu mbili za 316 kila ncha kama mkia unatosha kuzibeba. Klipu zenye matundu yaliyotoboka moja kwa moja zinakata mpira. Tafuta zenye mkanda usiotoboka. Kisha chonga plagi ya mbao laini, msonobari unafaa kwa kuwa unavimba ukilowa, uifunge kwa kamba kwenye koki yenyewe. Kila koki na plagi yake, ya kipimo chake.

Nawasilisha. Maswali na marekebisho yanakaribishwa.

---

Dada wa Kigamboni

Asante sana mkuu, uzi umeshiba. Mimi na mume wangu tuna boti la futi 28, koki ya choo imeganda, haizunguki kabisa. Fundi mmoja alitaka kutia bomba refu kwenye kishikio apate nguvu. Tulimzuia. Tulifanya sawa?

---

Joshini

Dada, mlifanya sawa kabisa. Kishikio au shingo yake ikikatika, mmebaki na koki wazi isiyofungika. Na kama fitingi ni brasi iliyoliwa, hiyo nguvu inahamia kwenye thredi za chini na kila kitu kinang'oka pamoja. Mkilitoa boti majini, mtapata sababu mbili kubwa: chokaa ya choo ndani ya koki, au gololi yenyewe imechubuka rangi yake ya kromu na kuota ukijani. Kama ni chokaa, siki au asidi hafifu ikikaa usiku kucha inaweza kuilegeza. Kama ni gololi imechubuka, msisumbuke, nunueni nyingine.

Kwa sasa, mpaka mtakapolitoa, mpira wa choo uwe na kona inayopanda juu ya mstari wa maji na kile kivunja mvuto (kinachoingiza hewa ili maji yasijivute kuingia) kinachofanya kazi, kwa sababu hamna njia ya kufunga. Na koki zote nyingine zizungusheni mara kwa mara, fungua, funga. Zinaganda kwa kuachwa.

---

Kalafati

Mwanangu Joshini, umesema vizuri. Mimi nimetengeneza vyombo vya mbao, mashua na majahazi, tangu ujana. Naongezea la mbao maana umelipita.

Zamani chombo cha mbao kilikuwa hakina tundu chini ya maji. Maji yakiingia ni kwenye viungo, unakalafati, yaani unaziba, kwa pamba iliyochovywa mafuta, unapaka deheni ya kuzuia maji, unakwenda. Injini zilipoingia ndipo tukaanza kutoboa mbao kutia mabomba ya kupozea. Sasa kosa ninaloliona ufukweni ni fundi kutoboa karibu na misumari. Misumari yetu ni ya chuma. Shaba ikikaribiana na chuma ndani ya mbao iliyolowa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Fitingi itabaki nzima, ubao utalegea kwa kukosa msumari, na maji yatapita pembeni. Mtu atasema fitingi inavuja, kumbe ni ubao uliolegea. Toboa mbali na misumari na mbali na kiungo cha mbao mbili, katikati ya ubao mmoja mzima ulio mpana.

La pili, chombo cha mbao kikikaa juu mchangani kinakauka na mbao inasinyaa. Ukikaza nati pale mpaka mwisho, chombo kikirudi majini mbao inavimba na inajikata yenyewe chini ya flanji. Kaza kiasi, tia majini, siku zikipita mbao ikishashiba maji, angalia tena.

---

Joshini

Shikamoo mzee. La misumari ni la dhahabu, sikuwa nimelifikiria kwa upande wa ubao kulegea.

Niongeze kidogo hapohapo. Wenye vyombo vya mbao wakiona zinki (vile vipande vinavyofungwa ili viliwe badala ya shaba) inalinda shaba, wanafunga zinki nyingi wakidhani nyingi ndiyo ulinzi zaidi. Kwenye mbao inaleta madhara. Umeme mdogo unaotembea kati ya zinki na shaba unazalisha alkali kwenye mbao inayozunguka fitingi, na alkali hiyo inakula mbao, inabaki nyuzinyuzi laini na uchafu mweupe. Ukiona weupe wa unga na mbao iliyolainika kuzunguka fitingi kwa ndani, punguza zinki kabla ya kununua fitingi nyingine.

Na hiyo ya kukaza mara ya pili inahusu mbao iliyokalafatiwa kwa namna ya kizamani. Mwenye boti la faiba na gundi ya poliyurethani asije akaichukua.

---

Kalafati

Marahaba. Ndivyo.

---

Fundi Bomba TMK

Mimi kazi yangu ni mabomba ya majumbani ila nimeitwa mara kadhaa Msasani na Masaki kusaidia boti. Naomba niseme kuhusu thredi, maana nimeona watu wanalazimisha.

Fitingi zinazouzwa hapa kwetu ni za thredi ya Kiingereza, BSP. Boti nyingi zilizotengenezwa Marekani zina thredi ya Kimarekani. Kwenye nusu inchi na robo tatu zote mbili zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaingiana mizunguko michache na unadhani umepata. Hazijafanana, pembe ya jino ni nyuzi 55 kwa BSP na 60 kwa ya Kimarekani, zinabana juu juu tu. Kuanzia inchi moja mpaka mbili ndiyo kabisa, BSP ni meno 11 na ya Kimarekani ni 11 na nusu. Mtu anazungushia tepu ya thredi nyingi nyingi mpaka inakaza, halafu anaondoka. Baada ya muda inavuja na anarudi kulaumu tepu.

Dawa ni kipimo cha thredi. Ni kile kijitabu cha majani ya chuma yenye meno, kinapatikana eneo la Gerezani kwa wauza zana. Weka jani kwenye thredi, inua juu uangalie mwanga. Mwanga ukipita, siyo yenyewe.

---

Joshini

Mkuu, umenisaidia kazi. Wadau someni hiyo mara mbili.

Kuna jingine linalofanana na hilo. Shina la fitingi ya bodi lina thredi iliyonyooka, kipenyo kilekile juu mpaka chini, ili nati iweze kushuka mpaka kwenye bodi. Koki nyingi za kawaida za gololi, hasa za Kimarekani, zina thredi inayosinyaa kwa ndani. Ukiunga hizo mbili moja kwa moja, zinashikana mizunguko miwili au mitatu tu, halafu uzito wote wa koki na mpira unaning'inia hapo. Mtu akiikanyaga kwa bahati mbaya wakati anatafuta kitu kwenye ngama, imekwenda. Ndiyo maana koki halisi za baharini zina kitako kipana chenye matundu ya kufungia skrubu au bolti kwenye kibao cha kuegemea, na thredi yake ya chini imenyooka. Mzigo unabebwa na kitako, siyo na thredi. Kipimo cha ABYC, baraza la boti la Marekani, kinataka koki ihimili nguvu ya ratili 500, karibu kilo 227, ikisukumwa ncha ya ndani kwa sekunde 30. Koki iliyoning'inia kwenye mizunguko miwili ya thredi haitahimili hiyo.

---

Demani

Napinga kitu kimoja, kwa heshima. Umesema boti lazima litoke majini. Kulitoa kuna gharama, na kuna foleni ya krini. Mimi nimebadilisha koki boti likiwa kwenye boya. Mzamiaji anashuka, anaziba kwa nje kwa plagi ya mbao na kitambaa, wewe ndani unafungua koki ya zamani na kufunga mpya. Dakika chache. Hatukuzama.

---

Joshini

Kaka, sikukatalii kwamba inawezekana, na kuna mazingira ambapo ni sahihi. Kwa koki peke yake, fitingi ikiwa ni bronzi nzima na umeikwaruza ukaona metali ngumu inayong'aa, isiyotoa unga, mzamiaji mzuri na plagi mbili, bahari shwari, asubuhi kabla upepo haujaamka, pampu imejaribiwa na mtu wa pili amesimama na plagi nyingine kwa ndani: sawa. Pia kabla ya yote uwe na koki mpya mkononi uliyoipima kwenye thredi ileile, siyo ya kubahatisha.

Ninachokataa ni kufanya hivyo kwenye fitingi usiyoijua. Spana inapozungusha koki iliyoganda, inazungusha na shina. Shina likiwa limeliwa, linakatika usawa wa bodi, na plagi ya nje haina tena cha kushika isipokuwa tundu lenye kingo za vipande. Mzamiaji yuko chini ya boti, wewe uko juu ya ndoo saba kwa dakika. Akiba ya krini haifidii hilo.

---

Mwana wa Maji

Kwa sisi ambao krini ni ghali, kupwelesha ufukweni kunafaa? Boti langu lina mikuku miwili chini, kama miguu, linasimama lenyewe maji yakipwa. Nataka kubadilisha fitingi ya kupozea injini.

---

Joshini

Mkuu, kwa boti la mikuku miwili ndiyo njia bora, na Dar tuna bahati ya maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na maji makavu ya bamvua yanaangukia saa nne au saa tano asubuhi, mchana kweupe kabisa. Hesabu siku moja au mbili baada ya mwezi mchanga au mwezi mpevu, na uthibitishe kwenye jedwali la maji. Usiende maji mafu, siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, boti litaning'inia nusu ndani ya maji na hutagusa kitu. Jambo moja la kuangalia kwenye jedwali: hakikisha maji kujaa ya jioni hiyo na ya siku zinazofuata hayapungui kuliko uliyopandia, la sivyo boti litabaki mchangani mpaka bamvua nyingine.

Chagua mchanga mgumu usio na mawe. Nenda siku moja kabla maji yakiwa makavu, tembea kwa miguu pale boti litakapokaa, uondoe jiwe lolote. Lete boti kwa maji ya kujaa, funga nanga mbele na nyuma lisigeuke.

Dirisha lako la kazi ni kama muda wa saa nne hivi, mbili kabla na mbili baada ya maji kupwa kabisa, kutegemea fitingi iko juu kiasi gani. Hapo ndipo gundi inaleta shida. Poliyurethani inataka siku kadhaa kukauka sawasawa. Joto na unyevu wetu vinaisaidia kushika juu haraka, lakini ndani inabaki laini. Kwa kazi ya kupwelesha chukua polisalfaidi ya baharini inayoruhusu kuendelea kukaukia ndani ya maji, usome tyubu uhakikishe imeandikwa hivyo. Angalizo: polisalfaidi usiitumie kwenye fitingi za plastiki za kawaida, inazishambulia.

---

Mwana wa Maji

Na zile za nailoni nyeusi zenye nyuzi za kioo? Haziliwi na chumvi kabisa.

---

Joshini

Haziliwi, na kwa boti la faiba nazikubali, mradi ziwe zile zilizotengenezwa kwa ajili ya chini ya maji na koki yake iwe ya aina hiyohiyo. Usizichanganye na plastiki nyeupe ya juu ya maji, hiyo inakauka kwa jua na kupasuka. Zina mambo mawili ya kuzingatia. Hazipendi kukazwa kwa spana ndefu kama bronzi. Na joto la injini: fitingi ya kuvuta maji ya kupozea sawa, ila zisikae zikigusana na bomba la moshi.

Kwa upande wako, kwa kuwa una saa nne tu, fanya hivi. Kibao cha kuegemea kitengeneze nyumbani wiki moja kabla, ukikate kwa kipimo cha mzingo ulichochukua kwa ndani na kadibodi, kinyweshwe epoksi na kikauke kabisa. Koki na fitingi ziunge kavu mezani, pima, kata shina. Ufukweni ziwe kazi tatu tu: kusaga flanji ya zamani, kusafisha, kufunga mpya. Grenda iwe ya betri, na betri mbili zilizojaa. Ukimaliza funga koki, mpira usiuvalishe kwanza. Maji yakipanda kaa ndani na tochi na plagi, uangalie kitako cha koki mpaka boti lielee. Ukiona jasho tu kwenye gundi, subiri. Ukiona tone linalotembea, usiliondoe boti hapo, subiri maji yapwe tena usiku.

---

Mwana wa Maji

Nimeelewa mkuu. Bamvua ijayo nakwenda, nitaweka picha za fitingi ya zamani hapa nikishaikata.

---

Fundi Bomba TMK

Ukiikata, ikate kwa urefu, siyo kwa upana. Waridi linaanzia kwenye thredi, ukikata kwa upana unaweza kulikosa.